Mafuta ya Chapo Yako Yametembea Kuliko Wewe

Mnakumbuka Mei 2022? Mama anayetuuzia chapo hapa mtaani alichukua kadibodi, akaandika kwa makaa: "CHAPO 20. MSIULIZE." Sisi tukauliza tu. Akasema ni mafuta. Mafuta yamefanya nini? Hajui. Mwenye duka anayempimia naye hajui. Kila mtu kwa foleni alikuwa na jibu lake: vita vya Ukraine, uchaguzi wa Agosti, tamaa ya wenye kampuni.

Wa Ukraine hakuwa amekosea kabisa, juu ile nchi ni kati ya zinazouza mafuta mengi zaidi ya alizeti duniani. Lakini jibu kubwa lilikuwa Jakarta. Tarehe 28 Aprili 2022, serikali ya Indonesia ilifunga kuuza mafuta ya mawese nje ya nchi ili bei ishuke kwa watu wake. Ilifungua tena tarehe 23 Mei. Wiki tatu na kitu. Mawese ni yale mafuta yanayokamuliwa kutoka kwa matunda ya mti unaoitwa mchikichi, na ndiyo yamejaa kwa ile jerikeni ya njano unayopimiwa ya thelathini bob. Yako kwa chipo, kwa mandazi, kwa biskuti, hata kwa sabuni ya kuogea.

Kenya inaagiza zaidi ya asilimia 90 ya mafuta yake ya kupikia kutoka nje, na mengi yake ni mawese ya Indonesia na Malaysia. Kwa hivyo rais wa nchi ambayo wengi wetu hatuwezi kuionyesha kwa ramani alitoa tangazo, na chapo ikapanda bei Umoja.

Hiyo kitu ilinikaa kichwani. Nikaanza kufuata mafuta nyuma, mwaka baada ya mwaka, nione tulifikaje hapa. Nilichokipata si kile nilitarajia.

Kuna wakati sisi ndio tulikuwa tunauza

Karne ya 19, kabla kuwe na kitu kinaitwa Kenya, pwani yetu ilikuwa inapeleka mbegu za mafuta Ulaya. Si utani. Wafanyabiashara wa Ufaransa walikuja Lamu na Zanzibar kununua simsim, wakaipeleka Marseille, mji uliokuwa na viwanda vikubwa vya mafuta na sabuni. Wajerumani wa Hamburg nao walikuwa kwa hiyo biashara.

Simsim ndiyo ile mbegu ndogo nyeupe unayonunua imeshikanishwa na sukari kwa stendi ya matatu. Watu wa Tanzania wanaiita ufuta. Hebu tamka polepole: ufuta, mafuta. Lugha yenyewe inakuambia hawa ni watu wa nyumba moja. Lamu na Zanzibar kulikuwa na vinu vya kukamulia simsim vilivyozungushwa na ngamia, mnyama anazunguka siku nzima na mafuta yanadondoka.

Malindi ilikuwa karibu mahame wakati Sultani wa Zanzibar alipoanza kuifufua miaka ya 1860. Ndani ya muda mfupi ikawa ghala la pwani nzima. Mtama na simsim vilitoka pale kwa majahazi.

Lakini kabla uanze kusema zamani ilikuwa poa, ngoja. Yale mashamba ya Malindi yalilimwa na watumwa. Watu walitolewa bara kwa lazima, wakauzwa, wakawekwa kupanda simsim ya mtu mwingine ili Mfaransa aoge na sabuni nzuri. Kwa hivyo mimi si wa kuimba sifa za mbegu za kienyeji kama vile mbegu ni takatifu. Mbegu haina dhambi wala utakatifu. Ukitaka kujua kama ni ya haki, uliza nani analima, nani ananunua, na nani anapanga bei.

Shikilia hayo maswali matatu, tutayahitaji mpaka mwisho.

Dani na mnunuzi aliyepotea

Nyanya yangu upande wa baba yuko Siaya. Tunamwita dani. Kwake simsim inaitwa nyim, na nikiwa mdogo alikuwa akiikaanga, anaitwanga, anachanganya na mboga. Nilidhani ni chakula tu cha kijijini. Kumbe ilikuwa biashara kubwa.

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Waingereza walikuwa wamejenga kitu cha bei kali na sasa walitaka mizigo ya kubeba. Pia walikuwa wameweka kodi ya nyumba, na kodi inataka pesa, haitaki mtama. John Ainsworth, mkuu wa mkoa wa Nyanza kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alisukuma sana wakulima wapande vitu vya kuuza, na simsim ilikuwa juu ya hiyo orodha. Kwa miaka kadhaa simsim ya Nyanza ilikuwa kati ya bidhaa kubwa zilizopanda treni kwenda Mombasa, kisha meli kwenda Ulaya. Hakuna mzungu aliyeilima. Walilima akina nyanya wa dani wangu, kwa jembe, kwa shamba lao.

Baadaye mahindi yakachukua nafasi. Pamba nayo ikasukumwa, na mbegu ya pamba pia inatoa mafuta, kwa hivyo kila kiwanda cha kuchambua pamba kilikuwa pia mlango wa mafuta ya kupikia. Pamba ya Kenya ilifika kilele katikati ya miaka ya 1980, kisha ikaanguka. Malipo yalichelewa, bodi ikalemewa, soko likafunguliwa, mitumba ikajaa, viwanda vya nguo vikafunga. Mbegu za mafuta zikaanguka pamoja na nguo.

Nilimuuliza dani kwa nini aliacha kupanda nyim ya kuuza. Nilitarajia aniambie ni mvua, au wadudu, au vijana walienda mjini. Aliniangalia kama mtu ameuliza swali la kijinga.

"Nilikuwa napanda kwa sababu kulikuwa na mtu wa kununua. Aliacha kuja. Ningepanda nimuuzie nani, wewe?"

Nimesoma ripoti kadhaa za kilimo tangu hiyo siku. Hakuna iliyosema hii kitu vizuri kumshinda.

Mti ulioondoka ukarudi kwa mapipa

Sasa tumfuate mshindi, yaani mchikichi. Hapa ndipo stori inauma, juu mchikichi ni Mwafrika. Kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati. Watu wa Nigeria na Kongo wamepika na mawese kwa karne na karne, na hapa karibu, ukienda Kigoma au Burundi, bado utakuta mawese mekundu sokoni.

Mwaka wa 1848, Waholanzi walipanda miche minne ya mchikichi kwa bustani yao ya mimea huko Bogor, kisiwa cha Java. Miche minne tu. Watoto na wajukuu wa ile miti wakasambaa Sumatra na Malaya, na shamba la kwanza la biashara huko Malaya lilipandwa 1917.

Wakati huohuo, Ulaya ilikuwa na njaa ya mafuta. Viwanda vilitaka sabuni, mishumaa, majarini. Mwingereza mmoja tajiri wa sabuni, William Lever, alipata mkataba na Wabelgiji mwaka wa 1911 wa kukusanya matunda ya michikichi kwenye maeneo makubwa ya Kongo. Alijenga mji akauita Leverville. Wakongo walilazimishwa kupanda miti na kuangusha matunda kwa malipo ya kudhalilisha. Mwaka wa 1931 Wapende wa Kwilu walisema imetosha, wakaasi, na mamia yao waliuawa. Kampuni ya Lever iliungana na Waholanzi wa majarini, ikawa Unilever. Shikilia hilo jina.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa inapimiwa mafuta kwa kadi. Mwaka wa 1946, bosi wa kampuni moja ya kundi la Unilever, Frank Samuel, alitoa wazo: tulime karanga Tanganyika, mamilioni ya ekari, kwa trakta. Serikali ya London ikakubali. Wakaenda Kongwa, ardhi inayokauka ikawa ngumu kama tofali, mvua ni ya kubahatisha. Wenyeji walikuwa wanajua hiyo ardhi, lakini hakuna aliyewasikiliza. Mpaka mradi ulipofungwa 1951, pauni milioni 36 zilikuwa zimeenda na upepo. Karanga yenyewe haikuwa na shida. Wakulima wadogo wa Tanganyika walikuwa wanaipanda kabla ya zile trakta na waliendelea baada yake. Kilichokufa pale ni mpango uliochorwa na mtu anayefikiria kiamsha kinywa cha London.

Malaysia, baada ya uhuru wa 1957, ilicheza tofauti. Bei ya mpira ilikuwa inayumba, kwa hivyo serikali ikachagua mchikichi na kuushika kwa mikono miwili. Shirika lao la FELDA, lililoanzishwa 1956, lilipeleka familia maskini mashambani, likawapa miche, barabara, na kiwanda cha kukamulia karibu na shamba. Wakajenga taasisi ya utafiti. Wakaweka kodi zilizofanya iwe faida kusafisha mafuta nyumbani badala ya kuyauza ghafi. Hata mdudu walimleta: mwaka wa 1981 walichukua kutoka Kamerun mdudu mdogo anayechavusha maua ya mchikichi, na kazi waliyofanya watu kwa mkono ikawa bure.

Mti ni wa Afrika, mdudu ni wa Afrika, na sisi tunanunua mafuta.

Indonesia ikafuata, ikapita. Na walilipa bei pia. Misitu ilikatwa, ardhi ya mboji ikachomwa, na mwaka wa 1997 na tena 2015 moshi wa moto wa Indonesia ulifunika nchi jirani. Wenyeji wengi walipoteza ardhi. Sisemi tuige kila kitu. Nasema tu: bei rahisi ya mawese haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna serikali ilikaa chini ikaipanga.

Na sisi tulipanga nini?

Kama nyumbani kwenu kulikuwa na mkebe wa Kimbo uliogeuzwa kuwa wa kuwekea chumvi au kupandia maua, unajua Kimbo ni ukoo. Kwa miongo mingi ilitengenezwa na East African Industries, kampuni iliyokuwa chini ya, umeshajua, Unilever. Serikali ilidhibiti bei ya mafuta ya kupikia mpaka mwanzo wa miaka ya 1990. Kisha soko likafunguliwa. Kila mwenye kiwanda akapiga hesabu: nikusanye simsim gunia moja moja kutoka Siaya na Kwale, au niagize meli nzima ya mawese ghafi Mombasa? Hata wewe ungeagiza meli.

Sheria za ushuru zikaweka muhuri. Chini ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, mafuta yaliyosafishwa tayari yanalipa ushuru mkubwa, lakini mawese ghafi yanaingia Kenya bila ushuru huo. Ukiwa na kiwanda cha kusafisha pale Thika au Mombasa, umelindwa. Ukiwa na shamba la alizeti, jipange.

Hapo chuoni, kabla niache, mhadhiri mmoja alitufundisha kwamba nchi inafaa kununua kitu pale kilipo rahisi na kuuza kile inachofanya vizuri. Kwa karatasi inakubalika. Viwanda vya kusafisha pia vimeajiri watu wengi, siwezi kukataa. Lakini ule ubao haukuwa na Mei 2022. Haukuwa na siku ambayo yule muuzaji wa bei rahisi anafunga mlango, na wewe ulishasahau kulima.

Tanzania ilijaribu kitu kingine. Mwaka wa fedha wa 2018/19 ilipandisha ushuru wa mawese ghafi kutoka asilimia 10 hadi 25, ili kulinda wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma. Haikumaliza shida, bado wanaagiza mafuta mengi. Lakini viwanda vidogo vya kukamua alizeti viko huko, na ukiuliza mfugaji wa Kiambu mashudu ya ng'ombe wake yanatoka wapi, yale makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, mengi yanavuka mpaka kutoka Tanzania na Uganda. Tulipoacha mbegu tuliacha pia chakula cha ng'ombe, na unalipa hiyo bei kwa maziwa na mayai.

Si basi tupande michikichi?

Hili ndilo swali mtaniuliza, na ni la haki. Hekta moja ya mchikichi inatoa zaidi ya tani tatu za mafuta kwa mwaka. Alizeti haifiki tani moja. Simsim ni chini zaidi. Mtu akikuambia mchikichi ni mti mbaya kwa sababu ya misitu, mkumbushe kwamba kupata mafuta hayohayo kwa alizeti kunataka ardhi mara nne au zaidi. Ukweli usemwe hata kama unaharibu hoja yangu.

Lakini mchikichi unataka maji. Unataka karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, bila kiangazi kirefu. Kenya sehemu kama hizo ni chache, nyingi ziko magharibi, na tayari zimejaa watu, miwa na msitu wa Kakamega. FAO iliwahi kuleta michikichi inayostahimili baridi kutoka Kosta Rika kwa wakulima wa magharibi, na miti ilimea. Ekari chache zinaweza. Kulisha nchi nzima, hapana.

Ukitaka kuona ingekuwaje, angalia visiwa vya Ssese, ndani ya Ziwa Victoria lilelile. Uganda iliingia mkataba na kampuni kubwa na IFAD, na kisiwa cha Bugala wilayani Kalangala kikapandwa michikichi, kama hekta 10,000, sehemu ya kampuni na sehemu ya wakulima wadogo. Kuna wakulima waliosomesha watoto na kujenga nyumba kwa hiyo pesa. Kuna wengine waliosema walitolewa kwenye ardhi yao, wakaenda mahakamani. Msitu mwingi ulienda. Mti uleule, kisiwa kilekile, na maisha mawili tofauti.

Simsim, kwa upande wake, inakubali mvua ya kubahatisha, inakomaa kwa miezi mitatu au minne, na inakaa vizuri kwa shamba moja na mtama. Alizeti iko hivyo pia. Mnazi tayari umesimama Kilifi na Kwale. Kwa nchi ambayo sehemu kubwa ni kavu, hizi ni mimea inayojua kwao.

Tusirudie kosa lilelile

Baada ya mshtuko wa 2022, serikali ilifanya vitu viwili. Iliagiza KNTC ilete mafuta kutoka nje bila ushuru, na ikagawa mbegu za alizeti bure kwa wakulima wa kaunti kadhaa. Mbegu bure inapendeza kwa picha. Lakini nikiisikia namsikia dani: ningepanda nimuuzie nani? Mfuko wa mbegu bila kiwanda cha kukamua karibu na bila bei inayojulikana kabla ya kupanda ni Kongwa ndogo.

Kisha ikaja 2024. Mswada wa Fedha ulitaka kuweka ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mimea. Mnajua kilichofuata, wengine wenu mlikuwa barabarani. Hilo pendekezo liliondolewa wiki moja kabla ya tarehe 25 Juni, na mswada wote ukaanguka baadaye. Nilipinga na bado ningepinga. Ukipandisha bei ya mawese leo, wakati hakuna simsim wala alizeti ya kutosha kushika nafasi, hujamlinda mkulima yeyote. Umemwadhibu tu mama wa chapo.

Ninachotaka mimi kinaanza upande wa pili, kwa mnunuzi. Viwanda vinavyoingiza mawese ghafi bila ushuru vipewe sharti: kila mwaka, sehemu fulani ya mbegu au mafuta inunuliwe hapa, ianze kidogo, iongezeke polepole. Kama hawataki, walipe ushuru, na hiyo pesa ijenge mashine za kukamua Siaya, Busia, Kwale, Kitui. Bei ya chini itangazwe kabla ya msimu, si baada ya mavuno. Mawese yataendelea kuja, hatuwezi kuyakimbia mwaka huu wala ujao. Lakini kuna tofauti kati ya kununua kwa jirani na kutokuwa na jiko kwako.

Juzi nilimpigia dani nikamwambia kuhusu meli za simsim zilizoenda Marseille. Alicheka sana. Halafu akaniambia bado ana mbegu kidogo kwa chupa, huwa anapanda mistari michache kila mwaka ili isipotee.

"Ukipata huyo mnunuzi," akasema, "mwambie njia ya kuja hapa haijabadilika."

Nauliza nyinyi: kwenu walikuwa wanakamua nini, na mnunuzi aliacha kuja mwaka gani? Ulizeni wazee, kisha mniandikie.